Kabla hujanunua miwani ya kuzamia

Juzi msomaji mmoja anayemaliza shahada ya kwanza kaniandikia: "Shikamoo dada. Nataka kuwa mtafiti wa bahari kama wewe. Nianze na kozi ya kuzamia?" Nilimjibu kwa ufupi, halafu nikakumbuka kwamba swali hilo naletewa kila mara, na jibu lake halitoshi kwenye ujumbe wa simu.

Kuzamia kuzuri, mdogo wangu, wala sikukatazi. Ila kazi iliyonifikisha hapa niliifanya nchi kavu, dikoni, alfajiri vyombo vinaporudi, nikiwa na ubao wa kupimia, mizani na daftari lililonuka hadi nyumbani wakakataa lisiingie ndani. Nilipima urefu na uzito, nikapasua matumbo kuona kama mayai yamekomaa, nikatoa mawe ya sikio ili baadaye nihesabu miviringo yake kwa hadubini na kujua samaki ana umri gani. Wenzangu wa darasani walikuwa wakipiga picha na kasa. Sijui wengi wao wako wapi leo.

Ukishajua ni kwa urefu gani nusu ya samaki wa aina fulani huwa wameanza kuzaa, kisha ukakuta tenga zima limejaa walio chini ya urefu huo, huhitaji mtambo wa gharama kujua kinachokuja. Wanavuliwa kabla hawajaacha kizazi. Hiyo ndiyo iliyokuwa makala yangu ya kwanza, na bado naipenda kuliko zote zilizofuata.

Naiita ya kwanza, lakini takwimu zile zilikuwa zimeshachapishwa. Mkubwa wangu wa wakati huo alizitumia kabla yangu, na jina langu halikuwamo miongoni mwa waandishi. Nilitajwa kwenye shukrani, mwisho kabisa, baada ya mwendesha boti (ambaye naye alistahili zaidi ya shukrani). Nilipouliza nikaambiwa kupima samaki si kuandika makala. Nimeshasamehe. Yaani, nasema nimesamehe, lakini kila nikiona makala ile imenukuliwa mahali nasaga meno. Basi sikiliza: kabla hujashika ubao wa kupimia, uliza nani watakuwa waandishi, na jibu lije kwa maandishi. Barua pepe inatosha. Uliza hata kama msimamizi wako ni mpole. Hasa akiwa mpole.

Miaka ya hesabu nairuka, haina hadithi. Nilijifunza R, lugha ya kompyuta ya kuchambulia takwimu, huku nikilia, na wewe utajifunza, kwa sababu asiyeweza kuchambua takwimu zake atachambuliwa na wengine, nao watazichukua.

Lakini usije ukadhani kompyuta inajua kila kitu. Wapo chewa wanaokusanyika mahali pamoja kutaga mayai. Mvuvi anayepajua mahali hapo atarudi na shehena ile ile mwaka hadi mwaka, na grafu yako ya samaki kwa kila safari itaonyesha hali shwari, huku samaki wenyewe wakipungua baharini. Kundi likiisha, grafu inaporomoka ghafla na wewe umeshaandika ripoti kwamba mambo mazuri. Mimi niliokolewa na nahodha mzee aliyenieleza kwamba anaowavua ni wale wale kwa wingi, ila sehemu wanazopatikana zimebaki chache. Daniel Pauly, mtaalamu wa uvuvi, alilisema jambo la karibu na hili mwaka 1995, katika insha fupi sana: kila kizazi cha wataalamu wa uvuvi huchukulia hali waliyoikuta wakianza kazi kuwa ndiyo hali ya kawaida ya bahari. Ndiyo maana nawaambia vijana wakae na wazee. Hawakai. Wanataka ndege zisizo na rubani.

Tena jifunzeni kugombana kwa adabu. Mwaka 2006 mwanaikolojia wa bahari Boris Worm na wenzake waliandika kwamba mwenendo ukiendelea vile, aina zote za samaki wanaovuliwa zitakuwa zimeporomoka ifikapo 2048. Ray Hilborn, mtaalamu wa uvuvi, aliwapinga waziwazi, na kwa ukali. Kisha mahasimu hao wakaketi pamoja, wakaunganisha takwimu, na mwaka 2009 wakachapisha makala moja: asilimia 63 ya akiba za samaki (yaani makundi ya samaki baharini) zilizotathminiwa bado zilihitaji kujengwa upya, ila mahali kadhaa shinikizo la uvuvi lilikuwa limeshapungua na samaki wanaweza kurudi. Hakuna aliyemweka mwenzake kwenye shukrani.

Mkubwa wangu yule nilimwandikia mwaka jana nikipendekeza tuunganishe takwimu za zamani na nilizokusanya tangu wakati ule. Hajajibu. Nakala zangu ninazo zote, daftari lile likiwemo, na uchambuzi nimeshauanza.