Doherty: ni beki mbovu, au anapangwa vibaya?

Mkuu, umeuliza kwa nini beki wa kulia Matt Doherty aling'ara Wolves halafu Tottenham, zote klabu za England, akaonekana wa kawaida. Mimi nisingemhukumu kabla ya kuangalia mfumo.

Wolves ya kocha Nuno ilicheza na mabeki wa kati watatu, naye akapanda na kushuka upande wa kulia. Utamu wake si chenga wala mbio. Ni kunusa nafasi: mpira ukiwa kushoto, yeye anaibukia nguzo ya mbali ya goli bila kukabwa, kama mshambuliaji. Pasi za haraka na mshambuliaji Raúl Jiménez nazo zilikuwa burudani.

Tottenham walimnunua 2020, kocha Mourinho akampanga kwenye mabeki wanne, bila beki wa kati wa tatu wa kumfunika nyuma. Hapo ndipo udhaifu ukaanikwa. Anachelewa kurudi, anamsahau winga mgongoni, na akibaki ana kwa ana na mtu mwenye kasi, roho mkononi. Kocha Conte alipokuja na mabeki watatu, mwanzoni mwa 2022 jamaa akafufuka, mpaka goti likamweka nje Aprili.

Kwa hiyo ukimtazama, usifuate mpira. Tazama anasimama wapi timu yake inapoupoteza.