Askari wa chaja

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Ni jambo gani moja la kila siku ulilolibadilisha ili kupunguza unyayo wako wa kaboni, na limekugharimu nini?" Unyayo huo ni jumla ya hewa chafu zinazopasha dunia joto, zinazotokana na maisha ya mtu. Jibu langu ni birika la umeme. Ila kabla sijafika hapo, nikiri kosa.

Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa askari wa chaja nyumbani. Nikikuta chaja imechomekwa ukutani na simu haipo, nagomba. Siku moja binti yangu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Sawa baba, lakini mbona umejaza birika zima na unataka kikombe kimoja?" Nikamwambia asinibadilishie mada.

Usiku walipolala nikaenda jikoni, nikalipindua birika nisome kibandiko chake: wati 2,000. Chaja yangu: wati 5, tena pale inapochaji. Ikikaa tupu haili kitu cha kusemea. Lita moja ya maji mpaka ichemke hula kama sehemu moja ya kumi ya uniti, umeme unaotosha kuchaji simu mara tano hivi. Nami nilikuwa nachemsha lita moja na nusu, natumia robo, mengine yanapoa, na baada ya saa mbili nayachemsha upya! Sasa napima maji kwa kikombe kilekile nitakachonywea, ilimradi yafike ile alama ya chini kabisa ya birika. Tukiwa wengi, yanayozidi yanaingia kwenye themosi.

Tangu hapo nimeacha kuhesabu vitu vidogo, nafuata joto. Vinavyokula sana ni vile vinavyopasha, vinavyopoza au vinavyosukuma mzigo mzito: pasi, hita ya maji ya kuoga, kiyoyozi, gari. Hata balbu ya kizamani ya wati 60 ilikuwa hasara kwa sababu hiyohiyo. Sehemu kubwa ya umeme wake iliishia kuwa joto, wakati ya LED ya wati 8 au 9 hutoa mwanga uleule. Bila shaka anayepata umeme wa maporomoko ya maji hana deni sawa na anayepata wa makaa ya mawe, lakini mpangilio wa walaji ndani ya nyumba haubadiliki.

Gari ndilo lililonishtua zaidi. Lita ya petroli ina uzito wa takriban robo tatu ya kilo, lakini ikiungua hutoa hewa ukaa (kaboni dioksidi) kilo 2.3. Mara ya kwanza nilidhani ni kosa la uchapaji. Kumbe kaboni ikiungua hunasa oksijeni ya hewani: kila gramu 12 za kaboni hubeba gramu 32 za oksijeni, hivyo moshi ukawa mzito kuliko mafuta yenyewe. Gari sijaliacha, nisiwadanganye. Nimeacha kuliwasha kwa safari za dakika kumi za mguu, na shughuli tatu nazifunga safari moja.

Kwenye chakula nitasema machache. Nyama ya ng'ombe tumeipunguza, kwa kuwa mnyama anayecheua huteuka methani, gesi inayotega joto kuliko hewa ukaa mara 28 hivi kwa kipimo cha miaka 100. Mabaki yanakaa mbele ya friji, yanaonekana. Yakisukumwa nyuma yanasahaulika, yanatupwa, na yakioza jalalani pasipo hewa hutoa methani hiyohiyo.

Rafiki yangu ananicheka. Anasema habari hii ya unyayo wa mtu mmojammoja ilivumishwa na kampuni ya mafuta, BP, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ili tuyatazame majiko yetu badala ya visima vyao vya mafuta. Kuhusu BP hajakosea, na kikombe changu hakitafunga kisima hata kimoja. Ila simwelewi anaponihubiria hayo huku kiyoyozi kinanguruma na dirisha liko wazi.

Mmeuliza imenigharimu nini. Pesa hakuna, muda kidogo wa kutembea, na ubishi niliokuwa nikishinda kila siku. Chaja ya binti yangu bado imechomekwa ukutani. Naipita tu.