Kwa nini nakala 3000 tu?
Ndugu, umeuliza kwa nini albamu nyingi za muziki wa filamu za Intrada au La-La Land Records, kampuni za Marekani zinazotoa CD za muziki huo, hutoka nakala 3000 tu, na kama usubiri bei ishuke. Usisubiri! Sababu kubwa ni malipo: wanamuziki wa okestra Marekani hulipwa tena kupitia chama chao rekodi zao zikitolewa upya, na toleo dogo lilipewa nafuu ya malipo hayo. Nakala zikiisha dukani, zinabaki kwa walanguzi. Mimi nilichelewa miezi miwili, nikalipa mara tatu ya bei ya awali. Ukinunua kwa mtu, omba picha ya mgongo wa CD na ya kijitabu. Kijitabu nakipenda mno, maana mara nyingi huchambua kipande kwa kipande, hata vile vilivyokatwa kwenye filamu.