Samaki mweusi anayegonga miwani

Kaka, huyo samaki mdogo mweusi aliyekugonga miwani ulipozamia kwenye matumbawe ya hapo Tanga hana wazimu. Ulimwingilia shambani. Bila shaka ni wa jamii ya Stegastes, wakulima wa mwani.

Ukirudi, usimtazame yeye, tazama chini yake. Utaona matumbawe yaliyokufa yamefunikwa na zulia la nyuzinyuzi, kahawia au jekundu. Anapalilia kweli: mwani asioutaka anaung'oa kwa mdomo na kwenda kuutema nje ya mpaka. Huko Okinawa, Japani, watafiti walikuta shamba la Stegastes nigricans lina karibu aina moja tu ya mwani, Polysiphonia, na samaki akiondolewa shamba linavamiwa na mwani mwingine na walaji. Pono na kangaja wanafukuzwa mchana kutwa, hata wakiwa wakubwa kuliko yeye. Wewe na miwani yako ulihesabiwa humo humo.

Umeuliza kama ndiye anayeua matumbawe yetu. Kiasi fulani, ndiyo: huyadonoa yaliyo hai ili mwani upate pa kushika. Lakini pia huwafukuza baadhi ya samaki wanaokula matumbawe, kwa hiyo mimi simhukumu haraka. Baruti iliyopigwa Tanga miaka na miaka ndiyo iliyovunja miamba, si huyu wa kukaa kiganjani.

Akikujia tena, rudi nyuma hatua chache. Hakufuati mbali, shamba haliachwi wazi.