Cheni ya transfa inayoruka meno kwenye Jeep Cherokee

Ndugu, umeuliza kama mlio wa chuma kugongana unaousikia unapopanda mlima huku magurudumu manne yakivuta unatokana na cheni ya transfa, yaani kasha la gia linalogawa nguvu ya injini kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kwa Cherokee yenye transfa ya NP231, dalili hiyo inaelekea huko, lakini kwanza hakikisha kwamba tairi zote zina kipimo kimoja, kwa kuwa tofauti ya mzunguko hukaza mfumo na kutoa mlio unaofanana. Kisha mwaga oili, fungua kasha ukague: cheni iliyolegea hadi kukwaruza ukuta wa alumini haifai kurudishwa. Badilisha pia sproketi (magurudumu yenye meno yanayoshika cheni) zilizochongoka, maana zitaila cheni mpya upesi. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi hulipuuza. Safisha unga wote wa chuma, hasa kwenye chujio la pampu, paka silikoni kwenye kingo za kasha, lifunge, kisha ujaze ATF (oili ya giaboksi otomatiki).