Nipige picha gani Berlin?

SWALI: Shikamoo dada. Mwezi wa sita nitakuwa Berlin siku mbili kwa shughuli za chuo. Nina simu na kamera ndogo ya kuazima. Lango la Brandenburg nimeliona pichani mpaka basi. Nataka picha zitakazoonyesha kwamba mji ule uliwahi kukatwa vipande viwili. Nianzie wapi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Anzia Bernauer Strasse, na siku ya kwanza yote iishie huko. Mpaka kati ya Berlin Mashariki na Berlin Magharibi ulipofungwa Agosti 13, 1961, nyumba za upande mmoja wa mtaa huu zilikuwa Mashariki, lakini ukitoka mlangoni unakanyaga Magharibi. Milango ikazibwa, watu wakaruka madirishani. Leo mahali pengi ukuta uliojengwa mpakani hapo haupo. Zimesimamishwa nondo ndefu zenye kutu. Zitazame kwa ubavu, zitabanana machoni kama ukuta. Zitazame kwa mbele, unaona ng'ambo. Piga zote mbili.

Hapo hapo kuna Kanisa la Upatanisho. La zamani lilikwama ndani ya eneo la walinzi, na mwaka 1985 serikali ya Mashariki ikalilipua. Hili dogo la mwaka 2000 kuta zake ni udongo ulioshindiliwa. Sogeza kamera karibu kabisa: utaona vipande vya matofali ya kanisa lile vimo ndani ya udongo. Mimi nimekulia nyumba ya udongo. Niliweka kiganja ukutani, nikakaa hivyo kitambo kabla ya kupiga picha yoyote. Nje kuna shamba la rai, nafaka jamaa ya ngano, palepale walipokuwa wakipita walinzi wenye bunduki. Kwenye picha za waliouawa mpakani, tafadhali, usipige selfi.

Siku ya pili damka uende East Side Gallery, kilomita 1.3 za ukuta uliochorwa mwaka 1990. Upande wa michoro unatazama kaskazini-mashariki, kwa hiyo jua lake ni la asubuhi tu. Juni linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Ukifika saa sita mchana, rangi zimeshaingia kivulini na watalii wamejaa. Kibanda cha Checkpoint Charlie, kituo cha zamani cha kuvukia mpaka, ni cha kuigiza, kipite.

Muda uliobaki ufuate mstari: safu mbili za mawe zilizozikwa kwenye lami, zinaonyesha ukuta ulikopita. Nyuma ya Lango la Brandenburg, upande wa magharibi, utaukuta. Chutama, simu iwe karibu na ardhi, usubiri. Mimi nilisubiri dakika arobaini. Akapita mama akisukuma kigari cha mtoto. Magurudumu yameshavuka, miguu yake bado. Picha hiyo ndiyo iliyoko sebuleni kwangu. Ukirudi Tanga, nitumie yako niione.