Kibodi inaandika kisichobonyezwa: majibu kwa wasomaji

Maswali ya safari hii yote yanahusu laptopu zinazoandika herufi ambazo mtu hakuzibonyeza. Nasisitiza jambo moja tu: usilipie kibodi mpya kabla hujajua kama kosa ni la kibodi yenyewe au la mipangilio. Watu wanapoteza fedha hapo, na inaniuma.

Shikamoo fundi. Nasomea kilimo Morogoro. Nikiandika neno "kilimo" inatoka 253506. Nimeambiwa kibodi imekufa.

Marahaba. Haijafa. Num Lock imewashwa. Ikiwashwa, baadhi ya laptopu ndogo zisizo na safu ya namba upande wa kulia huzipa herufi kadhaa kazi ya namba: U, I, O zinakuwa 4, 5, 6, J, K, L zinakuwa 1, 2, 3, M inakuwa 0. Neno lako lote limeangukia humo, ndiyo maana hukuona hata herufi moja. Shikilia Fn, kisha bonyeza kitufe chenye maandishi NumLk. Usipokiona, bonyeza Windows, Ctrl na O kwa pamoja. Kibodi ya kwenye skrini itafunguka. Ingia Options, ruhusu sehemu ya namba, halafu bofya NumLock kwa kipanya ili uizime. Aliyekwambia imekufa hakuijaribu.

Nimenunua Kariakoo laptopu ya mtumba iliyotoka Uingereza. Nikibonyeza kitufe chenye @ inatoka alama ya kunukuu. Barua pepe haziandikiki.

Aliyekuuzia aliweka Windows upya akaacha mpangilio wa Marekani. Kwenye kibodi za nchi hizo mbili, alama hizo zimebadilishana nafasi. Angalia kitufe cha 3: kikiwa na £, kibodi ni ya Uingereza. Fungua Settings, ingia Time & language, kisha Language & region. Kwenye lugha unayotumia chagua Language options, ongeza kibodi ya United Kingdom na uondoe ile ya US. Usiache zote mbili, maana ukigusa Windows na Space kwa bahati mbaya utahamia nyingine bila kujua.

Niko Bujumbura. Naandika "wazazi", inatoka "zqwqwi". Kibaya zaidi, nywila inakataliwa.

Vitufe vyako ni vya QWERTY, yaani herufi za safu ya juu zinaanza na Q, W, E, lakini kompyuta inadhani ni AZERTY ya Kifaransa, ambayo hubadilisha nafasi za A na Q, na za Z na W. Nywila yako ni sahihi. Inaandikwa vingine nyuma ya vile vidoti. Kwenye skrini ya kuingilia, tazama kona ya chini kulia: kuna kifupi cha lugha. Kibofye, uchague mpangilio unaolingana na vitufe vyako, kisha gusa alama ya jicho usome unachoandika kabla ya kubonyeza Enter.

Fundi, chai ya maziwa ilimwagikia laptopu ya mke wangu. Tuliikausha, ikawaka. Sasa akibonyeza G zinatoka herufi mbili, na nyingine ziko kimya.

Pole kwake. Hapa mipangilio haihusiki. Chini ya vitufe mna karatasi za plastiki zenye njia nyembamba za umeme, za mlalo na za wima, na kila kitufe ni makutano ya njia mbili. Kimiminika kikiunganisha njia au kikizila, herufi huharibika kwa makundi. Maji ya chai hukauka. Sukari na maziwa hubaki.

Thibitisha kwanza: chomeka kibodi ya nje ya USB. Ikiandika vizuri, mbovu ni ile ya ndani. Ila kitufe cha ndani kikiwa kimeng'ang'ania, kitavuruga hata ya nje, kwa hiyo mwombe fundi achomoe waya wa kibodi ya ndani ndipo mjaribu tena. Akifungua, aangalie pia ubao mkuu, maana chai haiishii kwenye vitufe. Ukinunua kibodi nyingine, nenda na namba iliyo mgongoni mwa ile ya zamani, si jina la laptopu peke yake, na linganisha umbo la Enter. Jaribu kila kitufe kabla ya kulipa.

Siku nyingine ikimwagika, izime papo hapo kwa kushikilia kitufe cha kuwashia, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, igeuze kifudifudi, uipeleke kwa fundi ikiwa bado imezimwa. Kuifukia kwenye mchele hakuondoi sukari.

Vitufe vya katikati vimeinuka na vinajiandika vyenyewe. Padi ya kugusa nayo imekuwa ngumu.

Dada, acha kuitumia leo. Dalili hizo mbili zikienda pamoja, kwa kawaida betri imevimba na inasukuma kibodi kutoka chini. Betri ya lithiamu iliyovimba inaweza kuwaka moto. Usiichaji, usiikandamize irudi, usiitoboe. Iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, umpe fundi aitoe, wala usiitupe jalalani. Usikubali kubadilishiwa kibodi huku betri hiyo ikiachwa ndani.

Lazima nishikilie kila kitufe ndipo herufi itokee.

Umewasha Filter Keys, huduma ya Windows inayopuuza kitufe kilichoguswa kwa muda mfupi. Hujiamsha Shift ya kulia ikishikiliwa sekunde 8. Ishikilie tena hivyo hivyo itazimika, au izime kwenye Settings, sehemu ya Accessibility.